Nalipwa kwa Ukurasa

Mashine ya zamani ilikuwa na tabia za mgonjwa:
ukiiwasha inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena.
Mimi namimina uji kikombeni,
nafagia mbele ya duka, nanyunyizia maji vumbi la Kanyenye,
narudi. Bado inajikusanya.
Herufi A ilishafutika, N imebaki na mguu mmoja,
lakini vidole havikuwahi kuuliza njia.
Lebo za asali, barua za mkopo wa mbolea,
ratiba za mazishi, mtihani wa majaribio wa Isevya,
vyote vilikuwa pale pale nilipoviacha,
kama chumvi ya jikoni kwangu:
naishika gizani.

Ndipo Mayunga, mtoto wa kaka, akaja na boksi
akalifungua taratibu, kama anayehesabu mahari mbele ya wakwe.
"Shangazi, hii ina viini vinane.
Gigi kumi na sita. Sekunde saba, imewaka."
Tukahesabu sote, hata mteja aliyekuja kutoa kopi.
Kweli, saba.
Uji ulibaki kwenye chupa.

Wiki ile niliandika kurasa ishirini na tatu kwa siku.
Kwa ile kongwe nilizoea arobaini.
Jamani, nieleze vipi?
Kitufe cha kuchapa kimehamia nyuma ya nukta tatu,
nukta tatu zimejificha nyuma ya picha ya gia,
gia inataka nenosiri,
nenosiri linataka jina la mnyama niliyemfuga utotoni.
Nilifuga kanga.
Ikakataa: fupi mno.
Na kishale kinapepesa, kinapepesa,
kama mdai aliyekaa mlangoni, hasemi neno.
Zamani mimi niliingoja mashine.
Sasa mashine inaningoja mimi,
na kungojwa na kitu kisichochoka
ni kazi nyingine, isiyo na ujira.

Halafu ikaja siku ya mzee Kashindye.
Niliandika Kashindye.
Yenyewe, kwa ujuzi wake, ikaona nimekosea,
ikaandika Kashindwe.
Nakala mia mbili zikatoka kabla sijavaa miwani.
Mwanawe Shija alirudi na moja.
Hakugomba.
Aliweka kidole juu ya jina la baba yake
akakiacha hapo.

Saa saba usiku, nikichapa upya,
nikasikia stesheni wanatenganisha mabehewa,
ya Mwanza huku, ya Kigoma huku.
Injini ile yenye nguvu zote
ilikuwa imesimama kimya,
inamngoja mtu mmoja mwenye tochi.

Asubuhi nikamwambia Mayunga: kaa hapo kwenye benchi.
Usiniguse, usinifundishe. Tazama.
Akatazama mpaka adhuhuri, daftari mapajani:
"Mkono kulia. Juu. Kulia tena. Anatafuta.
Anaguna. Anatafuta."
Aliposoma alichoandika, aliona haya,
na mimi nikamwonea huruma, maana alilipa hela yake.
Jioni aliketi yeye kwenye kiti changu.
Barua zangu kumi akazipanga usoni pa kioo
kwa mpangilio wa mkono wangu, si wa kiwandani.
Kile kinachokisia majina ya watu
akakifunga mdomo.
Viini ni vile vile vinane. Hakuongeza hata kimoja.

Leo kurasa arobaini na nne,
na jua bado liko juu ya bati la jirani.
Sisemi kongwe ilikuwa bora; iko chini ya meza,
nimeipa kazi ya kuegemeza mguu.
Kasi naipenda, nani hapendi?
Ila mteja hanilipi kwa sekunde.
Ananilipa mia tano kwa ukurasa
wenye jina lake lote.

Kwa hiyo namimina uji.
Jina nalisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe,
mara moja, kisha tena.
Mashine na ingoje.